Herufi Zilizobanwa na Bango la Mwaloni

Tangu bango la duka la dagaa nililolisanifu lipandishwe Mwaloni, Kirumba, wasanifu wenzangu wa hapa Mwanza wamekuwa wakiniuliza nilitumia fonti gani. Ni Bebas Neue, fonti ya herufi zilizobanwa, yaani nyembamba kwa upana na ndefu kwa kimo, iliyochorwa na Mjapani Ryoichi Tsunekawa, na inapatikana bure. Lakini jina hilo halitamfaa mtu asiyeelewa kwa nini iliteuliwa.

Fremu ile ni nyembamba, imekaa kati ya nguzo mbili, na mwenye duka alitaka maneno yake yasomwe na abiria aliyeko ndani ya daladala. Kiswahili nacho hakina huruma: TUNAWAKARIBISHA ni neno moja lenye herufi 15, na huwezi kulikata katikati. Kwa herufi pana, neno hilo lingemaliza upana wote wa ubao likiwa bado fupi kwa kimo, ilhali herufi zilizobanwa huruhusu kimo kupanda, na kimo ndicho kinachomfikia msomaji wa mbali. Isitoshe, Bebas Neue ni ya herufi kubwa tu, kwa hiyo hakuna mikia ya g wala y inayoning'inia, na mistari inaweza kusogezwa karibu hadi bango lionekane kitu kimoja.

Zamani, nilipoajiriwa katika duka moja la uchapaji, bosi wangu aliukataa mpangilio wa namna hii mbele ya mteja, akisema herufi zangu zimekonda utadhani zina njaa. Kisha alichukua Arial, akaiminya kwa kipanya mpaka ikaenea. Maneno yale bado yananichoma, hasa kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akikondesha herufi: ukiiminya fonti ya kawaida, mistari ya wima hupungua unene huku ya ulalo ikibaki ilivyo, na O huwa nzito juu na chini lakini dhaifu mbavuni. Mmarekani Morris Fuller Benton, aliyebuni fonti iliyobanwa ya Alternate Gothic mwaka 1903 kwa upana wa aina tatu, hakufanya hivyo. Mbavu za herufi zilinyooshwa na wima ukaachiwa uzito wake.

Basi ninyi mnaoanza kazi hii, acheni kuminya, na pimeni ubao kabla ya kufungua kompyuta. Ubavu wa mtumbwi ni mrefu na hauna kimo, kwa hiyo herufi zilizobanwa hupwaya pale. Hapo tumieni herufi pana. Aya ya maelezo msiipange kwa fonti zilizobanwa hata mteja akisisitiza. Nami namba ya simu ya bango lile niliiandika kwa fonti ya kawaida, kwa kuwa herufi zikibanwa, matundu ya 6, 8 na 9 huwa membamba mno, na vumbi la barabarani likishaganda juu ya turubai, mnunuzi huishia kumpigia mtu asiyehusika kabisa na dagaa.