Karo za shule binafsi Uingereza na kodi

Je, shule binafsi za Uingereza zimevuliwa hadhi ya taasisi za hisani? Hapana, hazijavuliwa. Kilichofutwa, kwa Sheria ya Fedha ya 2025, ni msamaha wa karo zao kutotozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), na tangu Januari 1, 2025 karo zinatozwa asilimia 20 nchi nzima. Hata wazazi waliolipa mapema kuanzia Julai 29, 2024 kwa mihula iliyofuata mwaka mpya hawakuikwepa. Huenda mkanganyiko umetokana na punguzo la kodi ya majengo, ambalo shule nyingi binafsi zenye hadhi ya hisani za England, sehemu mojawapo ya Uingereza, zilinyang'anywa Aprili 2025, ingawa hadhi yenyewe ilibaki.

Si lazima karo ipande kwa asilimia 20 kamili, kwa kuwa shule sasa inaweza kudai irudishiwe kodi inayolipa kwenye ukarabati na vifaa. Karo ya paundi 5,000 kwa muhula inafika 6,000 pale tu shule inapomtwisha mzazi mzigo wote.

Mimi naunga mkono hatua hii, maana takriban watoto 93 kati ya 100 wa England husoma shule za serikali na ndizo zilizoahidiwa fedha zitokanazo na kodi hii. Linaloniumiza ni jambo moja: mtoto mwenye mahitaji maalumu akilipiwa nafasi na halmashauri, halmashauri hurejeshewa kodi, lakini mzazi anayejilipia mwenyewe, pengine baada ya kusubiri tathmini ya mahitaji ya mtoto wake kwa muda mrefu, harejeshewi chochote.