Sola kwenye trela: paneli sio ishu, ishu ni waya na matundu ya paa

Saa kumi alfajiri, Flagstaff, Arizona huku Marekani, mwezi wa kumi, hita ikanyamaza. Gesi ipo, mtungi tumeujaza jana yake tu, ila ile feni inayosukuma hewa ya moto inakula umeme na betri ya trela yetu, ile nyumba ya kuvutwa na gari tunayoendea kambini, ilikuwa imeshakata moto. Watoto wakaja kitandani kwetu, tukabanana kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, mama watoto hasemi kitu, na waliooa wanajua kimya kile kina maana gani. Flagstaff ipo juu bana, mita 2,100 hivi, sio kama huku Phoenix ambako tumezoea kulia na joto. Asubuhi hiyo hiyo nikaamua trela inafungwa sola na naifunga mwenyewe, maana fundi mmoja nilimpigia akataja bei ambayo ni nusu ya ile niliyonunulia trela yenyewe. Mimi sio fundi umeme, naendesha lori. Kwa hiyo haya ni ya mtu aliyeharibu kwanza ndo akajua.

Wengi tunakosea tunapoanza na paneli. Unaona ofa mtandaoni unanunua, halafu ndo unajiuliza zitatosha nini. Anza na daftari. Mimi nilikaa wikiendi nzima naandika kila kinachokula umeme: taa, pampu ya maji, simu, laptop, na ile feni ya hita ambayo ndo mlafi wa nyumba, amperi 7 kila inapozunguka, usiku wa baridi ikizunguka jumla masaa sita tayari Ah 42 (yaani amperi mara masaa) zimeondoka. Jumla yangu ikaja kama Ah 70 kwa siku. Sasa ile betri niliyokuja nayo ilikuwa ya asidi, Ah 75, na betri ya asidi ukiizoesha kuishusha chini ya nusu unaiua taratibu, yaani ya kutumia kwa amani ni 37 tu. Hesabu ya darasa la nne, ni vile sikuwahi kuipiga. Friji yangu ni ile ya gesi, haisumbui. Kama trela yako ni mpya ina friji ya umeme wa betri basi ongeza, tena ongeza sana. AC sahau. Inataka wati 1,300 mpaka 1,500 muda wote ikiwa inanguruma, hizo sio habari za paneli mbili.

Nikachukua paneli mbili za wati 200, betri mbili za lithiamu za Ah 100, zile za LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfati), kontrola ya MPPT ya amperi 40, yaani kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, na inveta ndogo ya wati 1,000 kwa ajili ya TV na blenda. Kontrola za PWM zipo bei chee ila zinaivuta volti ya paneli ishuke mpaka ya betri na ile ziada inapotea bure, MPPT inaigeuza inakuwa amperi. Paneli nimeziunga sirizi, volti zinajumlishana amperi zinabaki zile zile, hivyo waya wa kushuka kutoka paani hauhitaji kuwa mnene sana. Angalia tu kikomo cha volti cha kontrola yako na uache nafasi, usibanane nacho, kwa sababu baridi inapandisha volti ya paneli.

Paa sasa. Hapa ndo nilijigeuza fundi maiko. Paa la trela nyingi ni raba, chini yake mbao nyembamba, na skrubu inatakiwa ikamate kwenye boriti sio kwenye hewa. Boriti nilizipata, hilo nilifanya vizuri, nilipanda na kugongagonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Lakini kwenye kuziba matundu nikatumia silikoni ya bafuni niliyokuwa nayo kwenye boksi la spana, nikajiambia gundi ni gundi. Mwezi wa saba mvua za Arizona zilipoanza, zile za kuja na upepo na vumbi halafu zinamwaga dakika ishirini tu, nikakuta doa la kahawia juu ya kitanda cha watoto, ukibonyeza kwa kidole dari linaingia ndani kama andazi. Silikoni haishiki vizuri kwenye raba, inajikunja inabanduka, na mbaya zaidi ukishaipaka hiyo gundi sahihi nayo inakataa kushika juu yake, nilitumia siku mbili kuikwangua. Tumia gundi ya paa la trela, ile nzito inayojisambaza yenyewe kama uji, weka chini ya kila mguu wa paneli na juu ya kila skrubu, na kila mwaka panda uikague. Tundu la kupitisha waya mimi sikutoboa kabisa, nilipitisha kwenye tundu la kupumulia la friji ya gesi, tayari lipo paani na lina kifuniko chake. Kama unalo usitoboe lingine.

Na paneli zikae mbali na kivuli cha AC. Kivuli kidogo tu cha asubuhi kinakula umeme kuliko unavyodhani.

Waya. Hapa ndo roho inaniuma maana niliumia miezi miwili bila kujua. Kontrola ilikuwa inaniandikia volti 14.4, mimi nimekenua, betri imejaa, halafu ikifika saa nne usiku betri iko hoi. Jirani mmoja mzee pale kambini Quartzsite akaniuliza, umepima kwenye betri yenyewe? Nikachukua mita nikaweka kwenye vichwa vya betri: 13.1. Volti nzima na zaidi imepotelea njiani! Nilikuwa nimetumia waya namba 12, futi 15 kwenda na 15 kurudi, wakati kontrola inasukuma karibu amperi 28, na waya ukiushika una uvuguvugu kama chupa ya chai. Huku Marekani namba ya waya ikipungua ndo waya unanenepa, lijue hilo kabla hujaenda dukani. Nikaihamisha kontrola ikae futi 5 tu kutoka kwenye betri, nikaweka namba 6, tofauti ikabaki kama volti 0.1. Waya ndo sehemu ambayo bahili analipa mara mbili, mimi nimelipa.

Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, isizidi shibiri moja, na ya inveta iwe kubwa ya aina ya T, maana lithiamu ikipigwa shoti inamwaga umeme wa kutisha. Kontrola unaiunga kwenye betri kwanza ndo paneli, ukitoa unaanza na paneli. Na ukiwa unaunga juani paneli ziko hai, hazina swichi, mimi nilizifunika blanketi. Chaja ya asili ya trela nayo iangalie, nyingi zimetengenezwa kwa betri ya asidi na lithiamu haziijazi vizuri ukichomeka kambini.

Halafu lithiamu na baridi. Tulirudi Flagstaff mwaka uliofuata kwa mbwembwe zote, asubuhi jua kali, paneli zinawaka, betri haipokei hata amperi moja. Nikajua nimepigwa. Kumbe betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0, ile akili yake ya ndani inazuia zisife, na mimi nilikuwa nimeziweka kwenye boksi la nje pale mbele. Zilipopata joto saa nne zikaanza kula. Sa hivi zinakaa ndani chini ya kitanda, na hazijasumbua tena.

La mwisho ni jua la Desemba. Huku hata saa sita mchana linakaa chini, nyuzi kama 33 tu kutoka upeo wa macho, na paneli iliyolala inapata nusu yake. Zangu za wati 400 zilikuwa zinatoa 200 na kitu basi. Nikatengeneza miguu ya kukunja, nainua upande wa kaskazini ili paneli iangalie kusini, siku hizi zinapita 350. Ila lazima uzilaze kabla ya kuondoka, na mimi siku moja nilishatembea mita kama hamsini kuelekea barabarani zimesimama kama masikio ya sungura, mtoto ndo kaniambia "baba, mbona kivuli chetu kina masikio?" Tangu hapo nikiziinua tu naenda kufunga kanga ya mama watoto kwenye usukani wa gari, na haifunguliwi mpaka nimepanda paani.