Kabla ya kutia baia: namna ya kumpima sheikh wa tarika

Anayetafuta kuijua nafsi yake kwa njia ya tarika, yaani chama cha kisufi chenye sheikh wake, huambiwa mapema kwamba asiye na sheikh, sheikh wake ni shetani. Ni maneno ya wazee wa kisufi na yana maana yake, lakini siku hizi hutumiwa zaidi kumharakisha mtu: njoo utie baia, yaani ahadi ya kumfuata sheikh, Alhamisi hii hii, usije ukafa huna sheikh. Anayekuharakisha hivyo, muwekee alama ya kuuliza. Baia ya tarika si faradhi kama sala, na hupati dhambi ukikaa mwaka mzima unahudhuria dhikiri kama mgeni.

Anza na silsila, yaani mnyororo wa masheikh waliopokezana tarika hadi kwake. Sheikh aliyepokea sawasawa anayo kichwani au kwenye karatasi, na haoni tabu kuulizwa. Iandike, kisha shughulika na majina ya karibu. Ya juu, yanayofika kwa Abdulqadir al-Jilani wa tarika ya Kadiria au Abulhasan ash-Shadhili wa Shadhilia, kila mtu anayajua. Mtu akitaka kubabaisha, hubabaisha kwenye majina matatu manne ya mwisho. Piga hesabu ya miaka. Sheikh Uways wa Barawa, mmoja wa walioieneza Kadiria Unguja na Mrima, aliuawa mwaka 1909. Sheikh Muhammad Maruf wa Ngazija, wa Shadhilia, alifariki 1905. Aliyezaliwa 1950 hawezi kuwa amepokea mkononi mwao. Akiweka mtu mmoja tu kati yake na Sheikh Uways, mtu huyo alipaswa kuwa kijana mkubwa kabla ya 1909 na awe bado hai miaka ya 1970, yaani mzee wa karibu miaka 80. Inawezekana. Lakini mzee wa aina hiyo huwa anajulikana mjini kwake, kwa hiyo ulizia kwao. Akisema alipokea ndotoni, huenda kwake ni kweli. Wewe huna pa kuthibitishia, na ndoto ya mwingine haitoshi kukufanya umkabidhi nafsi yako.

Halafu ijaza, yaani idhini ya sheikh, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana ijaza si moja. Ipo ya kusoma uradi (dhikiri za kila siku) mwenyewe, ipo ya kuongoza halka, yaani duara la dhikiri, na ipo ya kutia watu baia, ambayo ndiyo ya khalifa, naibu wa sheikh. Wapo wenye ya kwanza wanaojiweka mahali pa ya tatu. Uliza kwa adabu: ijaza yako, sheikh, ni ya nini, ulipewa na nani, nani alishuhudia? Kisha muulize khalifa mwingine wa tarika hiyo hiyo katika mji mwingine. Asiyetambuliwa na yeyote nje ya zawiya yake, nyumba ya tarika, ana maelezo ya kutoa.

Karama, yaani mambo ya ajabu yanayosimuliwa juu ya sheikh, usizipe uzito. Abu Yazid al-Bistami, wa karne ya 9, anasimuliwa kwamba alimwendea mtu aliyesifika kwa uwalii, akamwona anatema mate upande wa kibla, akageuka akaondoka hata salamu hakumpa. Kipimo ni hicho: sala zake, ulimi wake, haki za watu. Usimtazame usiku wa maulidi tu, kila mtu ni mzuri siku hiyo. Nenda siku ya kawaida baada ya alasiri, wakati hakuna wageni. Mwangalie kijana anayeleta kahawa. Ikimwagika kwenye mkeka, sheikh anasemaje, na uso wa kijana unakuwaje kabla sheikh hajasema lolote? Kijana anayejikunja kabla hajaguswa ameshakujibu.

Fedha. Kuchangia wali wa maulidi ni jambo la kawaida. Bei ya baia, bei ya ijaza, au cheo kinachopanda kwa kadiri ya mchango, hapana. Ulizia pia nani anashika daftari la michango. Masheikh wengi wa pwani huandika kombe (aya zinazoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa), na hilo peke yake halina neno. Ila kama wanaokuja kwake wote wanatafuta kinga na mvuto wa biashara na hakuna anayesomeshwa, basi pale umefika kwa mganga.

Tazama na kiasi cha uradi anachompa mgeni mwanzoni. Katika Shadhilia, uradi wa kawaida ni istighfari 100, kumsalia Mtume 100 na tahlili (la ilaha illa Allah) 100, asubuhi na jioni. Mwalimu anayemrundikia mgeni maelfu kila usiku, au kumfungia khalwa, yaani kukaa peke yake kwa ibada, ya siku nyingi, anacheza na akili ya mtu. Asiyelala ataona vitu na kusikia sauti, kisha ataambiwa amefunguliwa siri za ghaibu. Akiambiwa pia aache dawa za hospitali, atoke hapo siku hiyo hiyo.

Utasikia kwamba muridi, mwanafunzi wa sheikh, awe kama maiti mikononi mwa muosha. Hiyo ni kwa mafunzo ya nafsi tu: kuvunja kiburi, kushika uradi, kukubali kukosolewa. Haimpi sheikh amri juu ya talaka yako, nyumba yako, au kukaa faragha na mkeo au binti yako. Hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja wa Kikristo, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa. Dini ni nyingine, lakini utiifu usio na mpaka ni ule ule.

Kama umeshatia baia na umeona mambo haya, usigombane naye hadharani. Punguza kuhudhuria, mpe taarifa mtu wa nyumbani kwako, tunza ujumbe na risiti za fedha ulizotoa. Ukitishiwa laana kwa kuondoka, mpelekee habari hizo shehe wa msikiti au kadhi asiye wa tarika hiyo. Istighfari na kumsalia Mtume endelea nazo. Hazihitaji ijaza ya mtu.