Kuwinda hua kwenye shamba lililomwagwa nafaka

Ndugu yangu, umeuliza kama ni halali kuwinda hua katika shamba la jirani yako huko Texas, ambako alizeti zimefyekwa na mbegu zake zimetapakaa ardhini, ilhali kando ya uzio uliona magunia matupu ya ngano.

Alizeti zisikutie hofu. Kanuni za Marekani kuhusu ndege wahamao, ambazo msingi wake ni sheria ya 1918, zinaruhusu kuwinda hua penye mazao yaliyooteshwa na kufyekwa papo hapo, ruhusa ambayo mwindaji wa bata hana. Kinachokatazwa ni kumwaga nafaka iliyotoka kwingine ili kuwavuta ndege. Ngano iliyopandwa kwa kilimo cha kawaida haina tatizo, lakini ikiwa imetupwa juu juu, hicho ni chambo, na kuiokota hakutoshi, kwa kuwa eneo huhesabiwa kuwa na chambo kwa siku 10 baada ya nafaka yote kuondolewa.

Wapo wanaolalamika kwamba hua hatofautishi mbegu iliyofyekwa na iliyomwagwa. Hoja hiyo naielewa, ila siikubali, maana chambo huwakusanya ndege wengi mno mbele ya bunduki.

Tangu marekebisho ya 1998, hatia humpata aliyejua au aliyepaswa kujua, nawe magunia umekwisha kuyaona. Muulize mwenye shamba waziwazi, kague ardhi mwenyewe, na ukibaki na shaka mpigie askari wa wanyamapori wa kaunti kabla hujabeba bunduki.