Nukta nyekundu ikilowa

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Tacoma, jimbo la Washington, nashindana na bastola katika kundi la Carry Optics, la bastola zenye kilenga cha nukta. Kilenga changu, kile kioo kidogo juu ya bastola chenye nukta nyekundu ya kulengea, ni cha wazi, Trijicon RMR. Jumamosi mvua ilitupiga tangu asubuhi. Kufika zamu ya tatu sikuona nukta, niliona buibui mwekundu katandaza miguu. Ninunue kilichofungwa, au kuna dawa ya kupaka kwenye kioo?
Aliyelowa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Buibui huyo namjua. Kwenye kilenga chako kuna kitaa kidogo kwa nyuma, chini, kinachomulika kioo cha mbele, nacho kioo kinakurudishia mwanga jichoni. Njia hiyo haina paa. Tone likitua juu ya kitaa, nukta hutawanyika, na dawa ya kioo haitakusaidia kitu.

Vilivyofungwa, kama Aimpoint ACRO P-2 na Holosun 509T, vina kioo nyuma pia. Kitaa kimekaa ndani, kikavu. Nje vinalowa kama kawaida, na shabaha utaiona kama mtu anayechungulia dirisha la basi masika. Ila nukta yenyewe haipotei, na ukifumbua macho yote mawili, ukakazia shabaha badala ya nukta, utapiga tu.

Nilivijaribu mezani jikoni kwa chupa ya kunyunyizia maji, bastola tupu, chemba nimeikagua mara mbili (ya tatu akakagua mke wangu, haniamini). Cha wazi kilisalimu amri mnyunyizo wa pili. Kilichofungwa nacho kiliniaibisha siku nyingine: kimelala kwenye kasha gerejini usiku wa baridi, nikakiingiza ndani chai inachemka, vioo vikapiga ukungu papo hapo. Hapo ndipo dawa ya kupaka inapofaa.

Jioni usiuachie mtambo ujipangie mwanga. Kihisio chake hupima mwanga wa pale uliposimama. Ukiwa gizani chini ya bati na shabaha imewashiwa taa kali, nukta hufifia usiione. Panga mwenyewe, lakini usizidishe, maana nukta kali huvimba ikafunika unachokilenga.

Kwa mvua za Tacoma, mimi ningenunua kilichofungwa. Angalia slaidi yako kwanza, ile sehemu ya juu ya bastola kilenga kinapofungwa: iliyochongwa kwa RMR haipokei ACRO bila bamba la kati. 509T huja na bamba la RMR ndani ya boksi. Ukishafunga, rekebisha kilenga upya, nukta ikae pale risasi inapopiga.