Mtoto Mfupi Akirudishwa Nyumbani: Niliyojifunza kwa José Altuve

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka 13 aliporudi nyumbani kutoka kwenye majaribio ya timu ya besiboli ya shule, hapa Houston, Marekani, akatupa begi sebuleni na kunieleza kwamba kocha alimtazama kimo mara moja tu, akamweka upande wa wasiohitajika bila kumpa hata nafasi ya kushika gongo. Mimi, mzaliwa wa Tanga ambaye utotoni sikujua mchezo mwingine zaidi ya kandanda, nilimjibu maneno ninayoyajutia hadi leo: kwamba Mungu hakumjalia urefu, basi atafute mchezo mwingine. Mama yake aliniuliza kwa upole kama nimesahau ni picha ya nani iliyobandikwa juu ya kitanda cha mtoto.

Picha hiyo ni ya José Altuve, mchezaji wa Houston Astros, timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, anayelinda besi ya pili (kituo cha pili kati ya vile anavyokimbilia mpigaji), ambaye urefu wake ni kama sentimita 168. Alizaliwa Venezuela mwaka 1990 na kukulia katika mji wa Maracay, na alipokuwa na umri wa miaka 16 alikwenda kwenye majaribio ya Astros mjini humo. Siku ya kwanza aliambiwa asirudi tena, kwa kuwa alikuwa mfupi mno, na isitoshe wasaka vipaji walishuku kwamba amedanganya umri. Baba yake ndiye aliyemhimiza arudi kesho yake, safari hii akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. (Sisi tuliocheza mashindano ya shule Afrika Mashariki tunaijua vyema habari ya vyeti, ila kwetu aliyetiliwa shaka alikuwa yule mwenye ndevu.) Al Pedrique, Mvenezuela aliyekuwa akiifanyia kazi Astros, alimwona akicheza na kuwashawishi wakubwa wake, na mwaka 2007 kijana akasaini kwa dola 15,000, kiasi ambacho katika biashara ile ni hela ya soda.

Wazazi wenzangu, kitendo cha baba yule kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hakwenda kumfokea mtu wala hakumwambia mwanawe kwamba wazungu wana chuki. Alimpa karatasi iliyojibu shaka mojawapo na kumwachia mtoto aijibu nyingine kwa kucheza. Nasi tukafanya vivyo hivyo. Asubuhi iliyofuata nilibaki ndani ya gari, na mwanangu akaenda peke yake kumwamkia kocha na kumwomba arushiwe mipira kumi tu. Aliipiga sita, mmoja ukagonga uzio. Alipewa nafasi katika timu ya pili, nami nilitaka kununa kwa niaba yake, hadi nilipokumbuka kwamba Altuve naye alipita kwenye ligi za chini kwa miaka kadhaa, kisha akapandishwa moja kwa moja kutoka Corpus Christi, timu ya ligi ya chini iliyo chini ya Astros, hadi ligi kuu tarehe 20 Julai 2011, akiingia katika Astros iliyofungwa michezo 106 msimu huo. Timu mbovu ilimpa nafasi ya kucheza kila siku, jambo ambalo huenda timu nzuri isingelifanya.

Kuna jambo ambalo nililiona kwa macho yangu uwanjani, tukiwa tumeketi upande wa besi ya kwanza, mahali ambapo mpigaji wa mkono wa kulia anakupa kifua. Kabla mpira haujamfikia, Altuve hunyanyua mguu wa mbele, goti likapanda karibu na kiuno, akaushusha taratibu, na ndipo gongo linapofyatuka. Mtindo huo aliuanza mwaka 2014, baada ya msimu uliompa wastani wa upigaji wa 0.283, yaani takriban mapigo salama 28 katika kila majaribio 100 ya kupiga, ambao kwa wengi ungetosha. Mwaka huo wastani ulipanda hadi 0.341, akafikisha mapigo salama (yanayomfikisha mpigaji kwenye besi) 225 na kuwa mchezaji wa kwanza wa Astros kuongoza ligi kwa wastani wa upigaji. Aliongoza tena mwaka 2016 na 2017, na mwaka 2017 akatajwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwanangu alimwiga mguu ule kwa miezi mitatu akiwa anakosa mipira yote, nami nawashauri mvumilie kipindi kama hicho bila kutoa maoni.

Hata hivyo, msimfiche mtoto upande wa pili. Mwezi Januari 2020 uchunguzi wa ligi ulithibitisha kwamba Astros, mabingwa wa mwaka 2017, walitumia kamera kuiba ishara ambazo mdakaji wa wapinzani humpa mrushaji wake na kugonga pipa la taka ili kumjulisha mpigaji ni mpira wa aina gani unaokuja. Klabu ilitozwa dola milioni 5, wachezaji hawakuadhibiwa. Mwanangu, aliyekuwa na miaka tisa, aliniuliza, "Baba, na yeye alidanganya?" Nilimwambia kwamba timu yake ilidanganya, naye alikuwamo. Picha aliiondoa ukutani mwenyewe, na mwaka mmoja baadaye akairudisha mwenyewe.

Mwaka 2025, Altuve, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amesaini mkataba wa dola milioni 125, alikubali kujifunza kucheza uwanja wa kushoto, yaani eneo la nyuma upande wa kushoto, baada ya kuishi kwenye besi ya pili tangu ujana wake. Kocha wa mwanangu sasa anamtaka afanye hivyohivyo, na kijana amenuna. Kila jioni namrushia mipira ya juu kwenye maegesho ya magari ya mtaa wetu. Anaikosa mingi, na jana mmoja umeacha bonyeo kwenye boneti ya gari langu.