Sahani ya Binti Yangu Inarudi Imejaa

Swali

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Lindi mjini. Binti yangu wa kwanza ana miaka 15, yuko Kidato cha Pili. Mwezi wa Ramadhani alifunga vizuri, lakini baada ya Idi aliendelea kujinyima. Asubuhi husema ameshakunywa chai, mchana husema amekula shuleni, na usiku tukikaa kwenye sinia humega tonge dogo, akalizungusha kwenye mchuzi, kisha akalirudisha. Juzi nilipokuwa ninafua nilikuta vipande vya samaki vimefungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko wa sketi yake ya shule. Huvaa sweta mchana wa jua kali, na huu ni mwezi wa nne hajaona siku zake. Baba yake anasema tumwache, njaa ikimzidi atakula mwenyewe. Wifi yangu anasema ni jini. Bibi yake aliyeko Mikindani anataka nimpeleke akakae kwake. Nimesikia kwamba ng'ambo kuna tiba ambayo wazazi ndio wanaomlisha kijana wao. Je, ni sisi tuliokosea? Na tiba hiyo inawezekanaje katika nyumba kama yetu?

Jibu

Marahaba mama, na pole sana kwa mzigo huu. Nianze na lile lisilongoja. Mpeleke binti hospitali wiki hii, hata akisema hajambo. Kukonda kwa kijana kuna sababu nyingi, na daktari atataka kwanza kuhakikisha kwamba si kifua kikuu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, minyoo wala mimba. Kisha atampima uzito na urefu, shinikizo la damu na mapigo ya moyo akiwa amelala na akiwa amesimama, na atapima damu ili kujua kiasi cha madini ya potasiamu na fosfati. Akiwa anazimia, au mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika hali yu macho, anapaswa kulazwa. Usianze kumshindilia chakula kingi kwa ghafla kabla hajapimwa, kwa sababu mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu ukipewa chakula kingi mara moja, fosfati katika damu inaweza kushuka kwa kasi na kuudhuru moyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sokoine mnayo hapo hapo mjini. Ulizieni pia huduma ya afya ya akili, kwani baridi isiyoisha, kukatika kwa hedhi na chakula kinachofichwa ni dalili zinazofanana sana na ugonjwa wa ulaji uitwao anoreksia, ambao mgonjwa hujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa.

Sasa swali la kosa. Wazazi wa wagonjwa hawa wamelaumiwa kwa muda mrefu. Daktari William Gull wa London, aliyeupa ugonjwa huu jina lake, aliandika mwaka 1874 kwamba ndugu na marafiki kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote, na kwa miaka mingi mtoto alitengwa na wazazi wake ili apone. Waliogeuza mawazo hayo ni wataalamu wa hospitali ya Maudsley, London hiyo hiyo. Mwaka 1987 walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa walioanza kuugua kabla ya kufikisha miaka 19, na ambao ugonjwa ulikuwa haujafikisha miaka 3, walifanya vizuri zaidi wakitibiwa pamoja na familia kuliko wakitibiwa peke yao. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2010 na kuhusisha vijana 121, ulikuta kwamba mwaka mmoja baada ya tiba kwisha, asilimia 49 ya waliotibiwa na familia walikuwa wamepona kabisa, ikilinganishwa na asilimia 23 ya waliotibiwa mmoja mmoja. Kwa hiyo tiba hii haimtafuti aliyekosea. Chanzo cha ugonjwa hakijadiliwi mwanzoni, na wazazi wanaitwa kwa sababu hakuna mwingine anayempenda mtoto kiasi hicho na kukaa naye saa zote za chakula.

Kuhusu kauli ya baba yake, ninamheshimu, lakini katika ugonjwa huu njaa haimrudishi mtoto kwenye sahani. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa takriban miezi sita. Wakawa wenye hasira na majonzi, wakajitenga na wenzao, wakawaza chakula mchana na usiku. Njaa yenyewe huharibu fikra, na binti yako anaamua mambo yake akiwa na akili iliyokosa chakula. Kusubiri atake mwenyewe ni kumwachia mgonjwa wa malaria aamue kama ameze dawa.

Tiba ina hatua tatu, na huchukua kati ya miezi 6 na 12, kwa vikao vipatavyo 20. Hatua ya kwanza ndiyo ngumu: wazazi wanachukua mamlaka yote ya chakula, yaani aina, kiasi na saa, kama mlivyofanya alipokuwa mdogo. Katika kikao cha pili familia huleta chakula chake na kula mbele ya mtaalamu, naye huwaelekeza wazazi namna ya kumfanya mtoto ale hata tonge moja zaidi ya alivyokusudia. Uzito ukirudi na milo ikiwa haina vita tena, hatua ya pili humrudishia kijana uamuzi kidogo kidogo, labda aanze kwa kuchagua kitafunwa cha saa kumi. Hatua ya tatu ni mazungumzo ya ujana wake: shule, marafiki, mwili unaobadilika.

Katika nyumba yako ningeanza na sinia. Kula pamoja ni jambo jema na sitaki mliache, lakini kwenye sinia hakuna anayejua nani amekula nini, na ugonjwa huu hujificha hapo hapo. Kwa kipindi hiki mpakulie sahani yake mwenyewe, uketi karibu naye, na mlo uishe mbele ya macho yako. Milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu kwa siku ndio mpango wa kawaida, daktari akiridhia kiasi cha kuanzia. Huna haja ya chakula cha dukani. Kusini tumejaliwa vyakula vyenye nguvu katika ujazo mdogo: uji uliotiwa karanga zilizosagwa, korosho kiganja kimoja, samaki wa nazi, ufuta. Tui zito kwenye mchuzi hufanya kazi ambayo ugali mwingi hauwezi.

Atalia, na huenda akasema anakuchukia. Usibishane naye juu ya unene, wala usimpe hesabu ya alichokula. Sema kwa sauti ya chini, na urudie: "Mwanangu, najua ni vigumu. Chukua tonge hili. Nipo hapa." Kisha nyamaza, usubiri. Mlo wa dakika ishirini unaweza kuchukua saa nzima. Akimaliza, akae nanyi kwa muda wa kama saa moja kabla ya kwenda msalani peke yake. Wadogo zake wasiwe askari wa kumchunguza, kazi yao ni kumliwaza: wacheze naye, wamsuke nywele, wamsimulie habari za mtaani.

Wewe na baba yake lazima muwe na neno moja. Mama akisema "maliza" na baba akisema "basi, mwache," ugonjwa umepata mlango. Ndiyo maana sishauri apelekwe Mikindani kwa sasa. Mwombeni bibi aje kwenu, na kwa kuwa kwetu mjomba ana sauti, naye aitwe, wote wasikie maelezo ya daktari siku moja. Waombeni ndugu pia waache ile salamu yetu ya "umenenepa!" Kwetu ni sifa, lakini kwake ni kisu.

Wifi yako ameona jambo moja la kweli, kwamba anayezungumza mezani si yule binti mnayemjua. Wataalamu wa tiba hii nao huwafundisha wazazi kumtenga mtoto na ugonjwa, wakaukasirikia ugonjwa bila kumkasirikia mtoto. Dua na visomo visikatazwe, ila visichukue nafasi ya hospitali na sahani, na asichapwe wala asifukizwe kwa nguvu. Kuhusu Ramadhani ijayo, Qur'ani yenyewe katika Surat Al-Baqara, aya ya 184 na 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Mwombeni sheikh wenu amweleze hilo kwa upole, asione kwamba ametenda dhambi.

Huenda msimpate karibu mtaalamu aliyefunzwa njia hii hasa. Mweleze daktari wazi kwamba mnataka kutibiwa kama familia, mkubaliane siku ya kupima uzito kila wiki, na rufaa ikihitajika Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Njia hii haifai katika nyumba yenye kipigo au unyanyasaji, ambako mtoto anahitaji kwanza mahali salama.

Swali

Mimi ni baba, niko Mtwara, Shangani. Mwanangu wa kiume wa miaka 16, mcheza mpira, hula chakula kingi usiku kwa siri kisha hujitapisha. Wenzangu wananiambia kwamba haya ni maradhi ya wasichana.

Jibu

Wavulana pia huugua, na huchelewa kusaidiwa kwa sababu ya maneno kama hayo. Unachokieleza kinafanana na ugonjwa wa ulaji uitwao bulimia, ambayo haimkondeshi mtu kila mara, lakini kutapika hupunguza potasiamu mwilini na kuweza kuvuruga moyo, hasa kwa kijana anayekimbia uwanjani. Asimamishe mazoezi hadi apimwe damu na moyo hapo hospitali ya Ligula. Familia inashiriki vilevile, ila kwa tofauti moja: kijana wa bulimia mara nyingi anaona aibu na anatamani kuachana na hali hiyo, kwa hiyo mshirikishe katika kupanga tangu mwanzo. Ale milo kamili mchana pamoja nanyi, kwa kuwa anayeshinda na njaa ndiye anayevamia sufuria usiku. Akishatapika asukutue kwa maji tu na asipige mswaki papo hapo, kwani asidi imelainisha meno. Akitapika damu, akiishiwa nguvu au moyo ukienda mbio bila mpangilio, msisubiri kuche.